Wanawake wa Mlimba wapimwe, na majibu yao yafike

Wanawake wa Mlimba, mkoani Morogoro, wanastahili kupimwa chembe za mlango wa kizazi karibu na kwao na kupata majibu kwa wakati. Gazeti hili linaona huduma hiyo isicheleweshwe tena.

Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa kuua wanawake miongoni mwa saratani zote nchini Tanzania. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yanaonyesha vifo zaidi ya 6,000. Inauma zaidi kwa kuwa chembe hubadilika taratibu, kwa miaka mingi, kabla ya kugeuka saratani, hivyo muda wa kuzigundua mapema upo.

Kipimo chenyewe kinadai uangalifu kuliko mitambo. Chembe hukwanguliwa kwa kijiti bapa, hupakwa kwenye kioo na kutumbukizwa papo hapo katika spiriti. Zikiachwa zikauke kwanza, hupoteza umbo na rangi haishiki sawasawa. Hata jina huandikwa kwa penseli, kwani wino huyeyuka. Kioo kilichohifadhiwa hivyo husafiri salama hadi Ifakara au Dar es Salaam, na masika yakiharibu barabara, reli ya TAZARA inapita Mlimba.

Upimaji wa siki, ambapo mlango wa kizazi hupakwa siki na kutazamwa kwa macho, nao uendelee, ingawa kwa waliokoma hedhi mara nyingi hauonyeshi vizuri sehemu inayotakiwa.

Wenye dhamana wawafunze wauguzi kuchukua sampuli, watenge fedha za vioo, spiriti na rangi, waajiri wasomaji wa darubini, waweke ukomo wa siku za majibu, na wamfuatilie kila atakayekutwa na chembe zilizobadilika mpaka atibiwe.