Wana wa Mfalme Ngazini

Juma hili twasimama mbele ya picha ya rangi iliyochorwa na Mwingereza John Everett Millais mwaka 1878. Yaonyesha wavulana wawili wenye mavazi meusi, nywele zao za dhahabu zimewashukia mabegani, wameshikana mikono penye ngazi za mawe. Mkubwa ni Edward wa Tano, umri wake miaka 12. Mdogo ni nduguye Richard, miaka 9. Baba yao alifariki Aprili 1483, nao wakawekwa katika Ngome ya London. Mwezi Julai ami yao, aliyekuwa mlinzi wao, akavikwa taji, akaitwa Richard wa Tatu. Watoto wale hawakuonekana tena.

Hakuna mzazi awezaye kuitazama picha hii asishtuke. Lakini askari wetu na waulize: shahidi yu wapi? Millais alichora karibu miaka 400 baadaye, wala nyuso zile hakupata kuziona. Ngazi zina sababu yake: mwaka 1674 mafundi waliobomoa ngazi ngomeni walikuta mifupa ya watoto, na Mfalme Charles wa Pili akaamuru izikwe Westminster Abbey.

Ami mwenyewe aliuawa vitani Bosworth mwaka 1485. Mifupa yake ilifukuliwa Leicester mwaka 2012, chini ya maegesho ya magari, ikatambuliwa kwa kulinganisha chembe za urithi na wazao wa dada yake. Ile ya Westminster haijapimwa hivyo. Ingali ndani ya marumaru.