Biharusi na Chupa ya Sharbati



Msimu wa harusi ukifika tunabishana wiki nzima juu ya rangi ya sare, lakini hakuna anayeuliza ndani ya chupa ya sharbati mna nini. Tukiiona alama ya halali tunaridhika. Alama hiyo haisemi lolote kuhusu gluteni, ile protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na nafaka za jamaa hiyo. Mwenye ugonjwa wa siliaki akiila, mwili wake unaushambulia utumbo wake wenyewe, na tiba ni kuiacha maisha yote. "Kidogo hakidhuru" ni maneno ya kumfurahisha mpishi tu.

Sharbati nyingi ni sukari, maji, rangi na ladha, hazina neno. Taabu ni kimea cha shayiri, ambacho hutiwa kwenye baadhi yao kuongeza ladha. Kwenye chupa tafuteni maneno barley na malt. Kwa Kiarabu ni sha'ir, huko huko tulikolitoa neno letu. Palipoandikwa kwamba haina gluteni, kiwango cha kimataifa cha Codex ni isizidi miligramu 20 kwa kilo. Na isomwe kila chupa, maana jina moja laweza kutengenezwa nchi mbili kwa viungo tofauti. Faluda ina jambo lake jengine: tambi. Zipo za wanga wa mahindi, zipo za ngano.

Halafu tunamimina kwenye majagi na chupa tunatupa! Mgeni akiuliza, nani atamjibu? Ziwekwe jikoni mpaka watu waondoke.

Linalotuuma zaidi ni biharusi mwenyewe. Yumo ndani ya fungate, ukweni wanaleta vinywaji kwa mapenzi, naye anaona haya kukataa, anakunywa, usiku tumbo linamkata. Hatukubali kwamba hiyo ni adabu. Tumeamrishwa tule kilicho halali na kilicho kizuri, yote mawili, na kinachomuumiza hakiwi kizuri kwake kwa sababu kimeletwa na wifi.

Kwa maoni yetu kazi hii ni ya somo. Anamfunza mwari mambo mazito kuliko haya, basi na hili alibebe. Kabla ya siku ya akdi aende kwa mama mkwe, aseme wazi: mwanetu hali ngano wala shayiri, hata ndani ya kinywaji. Mama mkwe akinuna, na anune mapema.