Tujipange kwa safari ya Biennale ya Lubumbashi

Wamama wapenzi, juma lililopita tulizungumza juu ya kutoka hapa Likasi na watoto wetu kwenda kutazama Biennale ya Lubumbashi, maonyesho ya sanaa ya leo yaliyoanzishwa mwaka 2008 na shirika la Picha. Mama mmoja akauliza: «Je, picha zitatuletea unga?» Ulizo lake ni la haki.

Jibu letu ni hili. Sammy Baloji, mtoto wa Lubumbashi na mmoja wa waanzilishi, alichukua picha za zamani za wafanyakazi wa mgodi, akaziweka juu ya picha za viwanda vilivyobaki magofu. Watu wale ni baba na babu zetu. Tusipowaonyesha watoto, nani atawaonyesha?

Basi, kando ya likelemba, kila juma tutie franka 1 000 katika kisanduku cha safari. Kabla ya kulipia bisi, tuulize tarehe na bei ya kuingia. Chakula tubebe toka nyumbani. Kila mtoto awe na daftari, achore kilichomgusa, halafu akirudi amuulize babu yake.

Mama yule, ambaye baba yake alizeekea mgodini, ndiye aliyetia wa kwanza.