Kicheko Chenye Mafunzo: Mshumaa wa Faraday



Wazazi wengi miongoni mwetu hulalamika kwamba watoto hukaa mbele ya televisheni wakicheka vipindi vya sayansi vyenye vituko na milipuko, kisha wakadai kwamba wanasoma. Lalamiko hilo lina haki yake, lakini si haki yote. Kufundisha sayansi kwa furaha mbele ya hadhara ni jambo la zamani, na yuko mtoto wa kimaskini aliyeinuliwa nalo.

Michael Faraday alizaliwa mwaka 1791 karibu na London, mwana wa mhunzi. Skuli aliisoma kidogo tu. Alipofika miaka 14 alitiwa kazini kwa mjalidi wa vitabu, akawa anavisoma vile alivyopewa kuvijalidi. Mwaka 1812 mteja mmoja alimpa tikiti za mihadhara ya mwanakemia Humphry Davy katika Royal Institution, London. Watu wa mjini walijaa ukumbini kutazama majaribio, kama waendao tamashani, na bila shaka wengi walirudi makwao wamefurahi, basi. Faraday aliyaandika aliyoyasikia, akachora vyombo alivyoviona, akajalidi maandishi hayo kuwa kitabu, akampelekea Davy. Mwaka 1813 akaajiriwa kuwa msaidizi wake. Huyu ndiye aliyegundua, mwaka 1831, jinsi sumaku inavyoweza kuzalisha umeme, na juu ya msingi huo imejengwa mitambo inayotupatia umeme majumbani.

Mwaka 1825 taasisi hiyo ilianzisha mihadhara ya vijana ya kila Disemba. Huitwa Mihadhara ya Krismasi, lakini jina ni la msimu tu. Kinachosomeshwa ni sayansi. Faraday mwenyewe aliitoa katika miaka 19. Tangu 1966 imekuwa ikionyeshwa katika televisheni, na mwaka 1977 Carl Sagan alizungumzia humo habari za sayari. Huko Marekani, Bill Nye, mhandisi aliyegeuka mchekeshaji, alitengeneza vipindi 100 kati ya 1993 na 1998, kila kimoja kikishika somo moja na kulizungusha kwa mizaha mpaka likaeleweka.

Mfululizo mashuhuri wa Faraday ulihusu mshumaa tu. Nasi tunaweza kuufanya nyumbani, mzazi akiwa ndiye mshika kiberiti. Washa mshumaa, uache uwake dakika chache, kisha uzime. Moshi mweupe utapanda kutoka kwenye utambi. Upesi sogeza njiti inayowaka ndani ya moshi huo, juu kidogo ya utambi bila kuugusa. Moto utashuka kwa njia ya moshi na kuuwasha mshumaa tena! Watoto watapiga makofi. Hapo ndipo pa kuuliza: kwa nini? Kwa sababu kinachowaka si nta ngumu, bali ni mvuke wake. Nta huyeyuka, hupanda utambini, hugeuka mvuke, na mvuke ndio unaoshika moto. Kisha washa tena, ukashike bilauri baridi na kavu, mdomo chini, juu ya mwali kwa muda mfupi. Ndani yake utaona umande. Moto umezaa maji! Haidrojeni iliyomo katika nta imeungana na oksijeni ya hewani.

Tofauti ya Faraday na wenzake waliotoka ukumbini ni kwamba yeye hakuondoka na furaha peke yake. Mtoto aliyeuona mlipuko asiulizwe kitu, atakumbuka kishindo tu. Basi mzazi akae naye, na kipindi kikiisha amwambie: "Haya mwanangu, nieleze kwa Kiswahili ulichokiona, na kwa nini kilikuwa hivyo." Wala asione haya kwamba Kiingereza chake ni kidogo au kwamba hakusoma sayansi, kuuliza si ujinga. Mtoto hawezi kulihamisha jambo kutoka lugha moja hadi nyingine kabla hajalifahamu, na akikwama, wote wawili watakuwa wamepata la kutafuta maktabani. Hivyo atahifadhi masomo mawili kwa pamoja: sayansi ya skuli na lugha ya wazee wake.