BUNDUKI NYUMBANI: WOGA NA WAJIBU

Juma lililopita nilipata barua ya mkulima mmoja wa upande wa Trans-Nzoia, ambaye jina lake sitalitaja kwa kuwa yeye mwenyewe ameniomba nilifiche. Aeleza ya kwamba ng'ombe wake wawili wa maziwa waliibwa usiku, na tangu siku hiyo yeye na mkewe hawapati usingizi; mbwa akibweka, wote wawili huketi kitandani wakasikiliza. Sasa aniuliza: "Je, Mzee, yafaa niombe cheti cha bunduki? Jirani zangu wengine wasema ni busara, na wengine wasema ni kujiletea msiba nyumbani."

Swali hili si dogo, wala si la mtu mmoja. Kwa hiyo nimeona heri nilijibu hapa mbele ya wote. Sitalijibu kama hakimu, bali kama mtu aliyewahi kuwa na bunduki nyumbani mwake, akakaribia kuijutia maisha yake yote.

Miaka mingi iliyopita, kabla simu za mkononi hazijaenea mashambani, nilikuwa na bunduki ya marisau, yenye cheti halali, kwa ajili ya nguruwe-mwitu na nyani waliokuwa wakimaliza mahindi yangu. Afisa aliyekuja kunikagua alinishurutisha mambo mawili: bunduki ikae katika sanduku la chuma lenye kufuli, na risasi zikae mahali pengine, chini ya ufunguo mwingine. Nilitii, lakini moyoni nilinung'unika. Nilijisemea, "Je, mwizi atangoja nitafute funguo mbili?"

Usiku mmoja, katika majuma ambayo wezi walikuwa wamevunja nyumba mbili kijijini petu, nilisikia mlango wa boma la ng'ombe ukilia. Mbwa alibweka mara moja, kisha akanyamaza. Nikadhani amelishwa sumu. Niliruka kitandani, nikafungua sanduku, nikaishika bunduki; lakini ufunguo wa risasi sikuuona. Nilipapasa juu ya kabati, nikapapasa chini ya mto, mikono ikitetemeka, na jasho likinitoka ijapokuwa usiku ulikuwa wa baridi. Mke wangu akawasha taa, akaniambia kwa upole, "Baba watoto, uliza kwanza ni nani." Nikaita kwa sauti kuu. Sauti ikajibu kutoka gizani: "Baba, ni mimi."

Alikuwa mwanangu wa kwanza, aliyekuwa karani mjini Nakuru. Alikuja kwa basi la jioni, basi likaharibika njiani, naye akapitia njia ya boma ili asituamshe. Mbwa alinyamaza kwa sababu alimjua.

Ndugu msomaji, jambo hilo nimelifikiri mara nyingi. Mbwa anayebweka mara moja kisha akanyamaza, mara nyingi amemtambua mtu wa nyumbani. Hata mtoto mdogo ajua hivyo. Lakini woga uliichukua habari njema ukaisoma kama habari ya kifo. Ufunguo niliuona asubuhi, mfukoni mwa koti langu. Laiti ungalikuwa mahali pake, nisingaliita, ningalipiga. Lile sharti nililolinung'unikia ndilo lililomwokoa mwanangu.

Sisemi haya ili kuwadharau waogopao. Wazee wetu walisema, kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Woga ni kama mbwa mwema wa nyumbani: kazi yake ni kutuamsha. Ila hakuna mtu ampaye mbwa bunduki. Anayepaswa kuishika ni akili, na akili huchelewa kuamka kuliko woga.

Najua msomaji mmoja atasema, "Mzee, na kama angalikuwa mwizi kweli, mwenye panga?" Ni kweli, ukawiaji ule ule uliomwokoa mwanangu ungaliweza kuniua mimi. Sitaficha jambo hili. Mwenye kufungia risasi zake amekubali hatari moja ili aikimbie nyingine. Lakini jiulize mwenyewe: ni mara ngapi kwa mwaka mwizi mwenye silaha huja mlangoni pako, na ni mara ngapi mtoto, mgeni, mlevi au jirani mwenye mgonjwa hupita uani pako usiku? Hesabu hiyo kila mtu aifanye kwa nyumba yake.

Tena yafaa kujua jinsi chombo chenyewe kilivyo. Rungu hukoma mkono unapokoma. Risasi haikomi hivyo. Hata risasi ndogo kabisa ya bunduki ya .22 yaweza kwenda zaidi ya kilometa 1, na ukuta wa fito na udongo hauizuii risasi ya bunduki kubwa, wala bati haliizuii. Apigaye gizani hapigi mwizi tu. Apiga pia kila kilicho nyuma ya mwizi, na pengine ni nyumba ya ndugu yake ambamo watoto wamelala. Maji yakimwagika hayazoleki.

Sheria nayo yalijua jambo hili. Sheria ya Bunduki ya Kenya, iliyoanza kutumika mwaka 1954, haimpi mtu cheti kwa sababu anataka tu. Yadai awe na sababu nzuri, na kwamba kuwa kwake na bunduki kusihatarishe usalama wa watu. Mlevi na mwenye akili isiyo timamu hawafai. Yadai tena silaha ihifadhiwe salama wakati wote. Mwezi wa Desemba 2018 Serikali iliamuru raia wote wenye bunduki wakaguliwe upya na Bodi ya kutoa leseni katika muda wa siku 90. Maana mtu aliyefaa miaka kumi iliyopita huenda leo hafai. Na juu ya kujilinda, sheria yatazama kama nguvu uliyoitumia yalingana na hatari iliyokukabili. Mwizi akimbiaye na kuku wako amekupa mgongo. Ukimpiga risasi, wewe ndiwe utakayesimama kizimbani.

Kuna jambo jingine ambalo historia yetu imetufundisha: bunduki huita bunduki. Hali ya Hatari ilipotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, wakulima wengi wa Kizungu walikuwa wakila chakula cha jioni bastola zikiwa karibu na sahani. Lakini wapiganaji wa msituni walikuwa na uhaba wa silaha, wakiunda bunduki kwa vipande vya bomba la maji na makomeo ya milango. Kwa hiyo kila nyumba iliyokuwa na bunduki ilikuwa na kitu cha kutamaniwa. Hata kituo cha polisi cha Naivasha kilivamiwa tarehe 26 Machi 1953 na silaha zake zikachukuliwa. Ikiwa ghala ya polisi yaweza kuvunjwa, sembuse kabati la mkulima?

Na mwaka 1979, serikali ya Idi Amin ilipoanguka katika Uganda, ghala ya silaha ya kambi ya Moroto ilivunjwa, na bunduki nyingi zikaingia mikononi mwa wafugaji wa Karamoja. Wizi wa mifugo ulikuwako tangu zamani, kwa mikuki na mishale. Sasa jirani waliona kwamba mkuki haufai kitu mbele ya bunduki, nao wakatafuta bunduki zao, upande huu wa mpaka na upande ule. Kila mtu alinunua kwa sababu ya woga wake, na kila aliyenunua alimwongezea mwenzake woga. Mwaka 2016 Serikali ya Kenya ilichoma moto bunduki zaidi ya 5,000 zilizokuwa zimeshikwa. Hata hivyo, mazishi katika nchi zile za wafugaji hayakukoma.

Basi, ndugu yangu wa Trans-Nzoia, shauri langu ni hili.

Kwanza, kabla ya kuomba cheti, tengeneza boma lako. Tia mlango imara na kufuli, weka taa, tia ng'ombe wako alama, na fuga mbwa wawili badala ya mmoja. Kisha keti na jirani zako mpatane juu ya nduru: ikipigwa kwa mmoja, wote watoke. Mwizi aogopa watu ishirini wenye tochi kuliko mtu mmoja mwenye bunduki asiyemwona.

Pili, jipime mwenyewe kwa ukweli. Je, wanywa pombe? Je, una hasira za ghafula? Je, kuna ugomvi wa shamba kati yako na ndugu zako? Je, nyumbani mwako kuna mtu aliyekata tamaa ya maisha? Kama jibu ni ndiyo hata kwa moja, usiombe. Hasira ya rungu huacha kovu. Hasira ya bunduki huacha kaburi.

Tatu, ukiisha kupewa cheti, jua kwamba umepewa kazi, hukupewa heshima. Usiionyeshe bunduki kwa wageni. Ihesabu kuwa ina risasi hata kama umeitoa risasi sasa hivi. Usiielekeze kwa mtu kwa mzaha. Kidole kikae mbali na mtambo mpaka umekijua unachokipiga na kilicho nyuma yake. Risasi zikae mbali na bunduki, na watoto wasijue funguo zilipo. Ikipotea, piga ripoti polisi siku ile ile, bila kuona haya.

Nne, ujue wakati wa kuiacha. Mimi, macho yangu yalipoanza kupungua nuru, niliipeleka kituoni nikaikabidhi pamoja na cheti chake. Wengine walinicheka wakasema nimezeeka. Ni kweli, nimezeeka. Lakini mwanangu yule sasa ana watoto wanne, nao hupita njia ya boma wakati wowote wapendao.

Sikukataza, ndugu yangu, wala sikukuamuru. Ila usiku utakaposikia mlango ukilia, kumbuka neno la mke wangu: uliza kwanza ni nani. Nawe msomaji mwenye maoni mengine, hasa wewe uishiye mahali ambapo kituo cha polisi kiko mbali mwendo wa siku nzima, tafadhali niandikie. Nitayasoma maneno yako kwa heshima, na yaliyo mema nitayaeleza hapa.