Mkopo wa nyumba ufuate msimu wa ufuta

KUSI NA KASKAZI
Na Mwanahawa Selemani

Huku Lindi nyumba hujengwa kwa msimu. Ufuta ukipata bei, msingi unachimbwa. Korosho zikilipa, tofali zinafyatuliwa na fundi anaitwa. Mbaazi zikidoda, boma linabaki bila bati hadi mwakani na majani yanaota vyumbani. Mgeni anayepita Nangurukuru kuelekea Mchinga huyaona mapagale hayo akadhani watu wa kusini ni wavivu. Ile ni akiba ya watu ambao hakuna benki iliyotaka kuwakopesha.

Si kwamba nchi haina mikopo ya nyumba. Mwaka 2008 Bunge lilipitisha sheria mahususi ya mikopo hiyo, na mwaka 2010 ikaundwa TMRC, kampuni inayozipatia benki fedha za muda mrefu ili nazo zimkopeshe mteja alipe taratibu kwa miaka mingi. Lakini Sensa ya 2022 ilihesabu majengo zaidi ya milioni 14 nchini, na mikopo ya nyumba kwa benki zote bado ni ya maelfu machache tu. Mtumishi wa halmashauri pale Kilwa Masoko, mwenye kiwanja kilichopimwa na hati ya mshahara, anaweza kubisha hodi benki akasikilizwa. Binamu yake wa Kikole, mwenye ekari kadhaa za ufuta na pengine fedha nyingi kuliko yeye ifikapo Julai, ataambiwa alete hati ya wizara na mshahara wa kila mwezi. Atavitoa wapi?

Wamarekani wana utaratibu wao ambao hunichekesha na kunifikirisha. Tangu sheria yao ya makazi ya 1949, Wizara ya Kilimo ndiyo inayowakopesha nyumba watu wa vijijini wenye kipato cha chini, na siku hizi pia huwadhamini kwa benki watu wa kipato cha wastani. Kuna ramani inayoonyesha eneo gani linahesabiwa kuwa kijijini. Kwa kuwa kigezo kikubwa ni idadi ya watu, viunga vingine visivyo mbali na miji mikubwa bado vimo. Basi mnunuzi huanza na ramani kabla ya kwenda kuitazama nyumba yenyewe, maana mtaa mmoja unaweza kuwa ndani na wa jirani ukawa nje. Mipaka ya namna hiyo haikosi vituko. Lakini angalia ni nani amesimama nyuma ya mkopaji: serikali, tena kupitia wizara ya wakulima.

Kwetu mpaka unafanya kazi kinyume. Nyumba inaanza kukopesheka siku inapoacha kuwa ya kijijini, yaani eneo likiingizwa mjini, likapangwa, likapimwa na mwenyewe akapewa hati. Kuta ni zilezile, bati ni lilelile.

Tuliambiwa hati ya kimila ingelimaliza tatizo hili. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaitambua, na MKURABITA, mpango wa serikali wa kurasimisha mali za wanyonge ulioanza 2004, ulikuja na ahadi kwamba karatasi hiyo itageuza shamba na nyumba kuwa mtaji. Wengi waliopata hati hizo wamezifungia sandukuni. Benki inajiuliza: mkopaji akishindwa kulipa, nyumba atauziwa nani? Kumhamishia mtu asiye mkazi wa kijiji kunahitaji ridhaa ya halmashauri ya kijiji. Nyumba ya familia inahitaji ridhaa ya mwenza. Kisha kuna jambo ambalo halimo kwenye fomu: kwa Wamwera na Wamakonde wengi ardhi ni ya ukoo wa mama. Nani atainunua nyumba kwa mnada, kisha akaishi katikati ya wajomba wa aliyenyang'anywa?

Hapo benki ina haki, na mimi niko upande wake. Sitaki kuona nyumba za Kikole zinapigiwa mnada. Ninachokataa ni kudhani kwamba hakuna dhamana nyingine.

Dhamana ipo ghalani. Ufuta na korosho za mkoa huu zinauzwa kwa stakabadhi ghalani: mkulima anapeleka mzigo AMCOS, yaani chama chake cha msingi cha ushirika, chama kikuu kinaendesha mnada, malipo yanapitia benki. Maana yake benki inao mwenendo wa mapato ya mkulima, msimu baada ya msimu, kwenye vitabu vyake yenyewe. Inajua aliuza kilo ngapi na alilipwa nini. Kwa nini isimkopeshe fedha za kupiga bati peke yake, arudishe kwa misimu miwili au mitatu, makato yakitoka kwenye mauzo? Benki Kuu tayari ina mfuko wa mikopo midogo ya nyumba kwa wenye kipato cha chini, na mkopo wa hatua kwa hatua ndio unaofanana na tunavyojenga.

Mtego upo, tena tumeshauonja. Mwishoni mwa 2018 wanunuzi walitoa bei duni ya korosho, serikali ikaingia kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na wakulima wengi wakangoja malipo kwa miezi. Mkopo usio na kifungu cha msimu mbaya ungewamaliza. Lazima mkataba useme wazi kwamba malipo yakichelewa ghalani, deni nalo linasubiri bila faini. Na kwa kuwa pwani yetu ni ya Waislamu wengi, kuwe na mlango usio na riba. Nchi imekuwa na benki inayofuata sharia tangu Amana ilipofunguliwa 2011, kwa hiyo ujuzi upo.

Haraka nayo ipo. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopiga pwani hii na barabara ikakatika Somanga, kila mtu aliona tofauti ya kulala chini ya bati na kulala chini ya makuti.

Viongozi wa vyama vyetu vikuu vya ushirika, Lindi Mwambao na RUNALI, jambo hili liwekeni kwenye ajenda ya mkutano mkuu ujao, mziite benki zinazopitisha fedha zetu na mziulize mbele ya wanachama. Nanyi wanachama, msipige kura ya bajeti kabla hamjasikia jibu.