Mnadani na Amana ya Waumini

Ndugu msomaji, sisi watu wa Mtama si wageni wa mnada. Kila msimu tunasubiri bei ya korosho, na tangu mnada huo ulipohamia katika mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania (TMX), hata wazee wetu wamezoea kuona bei ikitoka kwenye skrini. Huko sisi ni wauzaji, na dua yetu ni bei ipande. Hivi karibuni nilijikuta upande wa pili, upande wa mnunuzi, nikapata somo.

Amplifaya ya msikiti iliungua. Kamati ikaniagiza nitafute iliyotumika katika mnada wa mtandaoni, kikomo shilingi 350,000. Dakika za mwisho, nikiwa nimefika kikomo hicho, mtu nisiyemjua akanipita kwa shilingi 10,000. Nikampita. Akanipita tena. Moyo ukawaka, nikasahau chombo, nikabaki kushindana. Mnada ulipofungwa nilikuwa mshindi kwa shilingi 410,000. Nilipomweleza mama watoto kwa furaha, aliniuliza swali moja tu: "Hizo 60,000 zilizozidi, amekuruhusu nani?"

Usingizi ulinipaa. Mwakilishi hana ruhusa ya kuvuka mpaka aliowekewa na aliyemtuma. Nilikiri mbele ya kamati, nikalipa tofauti ile kutoka mfukoni mwangu.

Mnada wenyewe hauna ubaya. Imepokewa kutoka kwa Anas bin Malik, katika Sunan za Abu Daud na Tirmidhi, kwamba Mtume (s.a.w.) alinadi tandiko na bakuli, mmoja akatoa dirhamu moja, mwingine akatoa mbili, akauziwa. Kumpita mwenzako bei mnadani si kule kununua juu ya ununuzi wa ndugu yako kulikokatazwa, kwani wanazuoni wamefafanua kuwa katazo lile huja baada ya muuzaji kuridhia bei. Kilichoharamishwa ni najshi, yaani kupandisha bei bila nia ya kununua ili mwingine aghilibike. Katazo lake limo katika Bukhari na Muslim. Mtandaoni, ambako hatuonani nyuso, najshi ni nyepesi mno. Hadi leo sijui kama mshindani wangu alikuwa mnunuzi wa kweli.

Kwa hiyo nausia haya. Kwanza, muoneshe fundi picha na maelezo kabla ya kutaja bei. Kama vipaza sauti vyenu ni vya laini ya volti 100, amplifaya nayo iwe na njia hiyo, na jumla ya wati zao isizidi wati zake. Nauli na matengenezo viingie ndani ya kikomo.

Pili, taja thamani yako ya kweli. Mwaka 1961 mwanauchumi William Vickrey alionesha kuwa, pale ambapo mshindi hulipa bei ya aliyemfuatia, hakuna faida ya kutaja pungufu wala zaidi ya thamani hiyo. Minada kama eBay inakaribiana na hali hiyo: unaandika kikomo chako, na mfumo unakuongezea kidogo kidogo kila unapopitwa, bila kukivuka.

Tatu, usijitokeze mapema, kwani huamsha washindani. Kama saa ya kufunga haisogezwi, ngoja mwishoni, taja kikomo mara moja, kisha weka simu chini.

Nne, ukiona mtu yule yule akipandisha bei za bidhaa za muuzaji mmoja kila mara na hanunui kamwe, ondoka.

Kamati yetu sasa huandika kikomo katika muhtasari, na anayenunua hukaa na shahidi mmoja pembeni yake. Nawe nyumbani, unaponunua redio au simu kwa fedha ya familia, mtajie mkeo au mumeo kikomo kabla mnada haujaanza. Kupitwa mnadani si hasara. Chombo kingine kitakuja. Amana ikivunjwa, kuirudisha ni kazi.

Wabillahi tawfiq.